Jibu la Mbegu

Fundi cherehani mmoja wa Odisha, huko India, alikuwa na binti aliyesomea mimea katika chuo kidogo kisicho na maabara ya maana. Jina lake Lipsa. Bahari ilikuwa imeanza kuingia katika mashamba ya mpunga ya kwao, na Lipsa alitaka kujua kama iko mbegu iwezayo kuota penye chumvi. Chuoni kwake hakukuwa na wa kumwonyesha. Basi akawaandikia maprofesa wa vyuo vikuu, akiomba nafasi ya kufanya utafiti chini yao wakati wa likizo.

Hawakujibu. Akaandika tena, kwa wengine, kwa adabu zaidi, mpaka adabu yenyewe ikamchosha. Kila asubuhi alifungua simu kabla ya kunawa uso, kisha akaiweka chini. Lau wangemkataa, angelia siku moja akanyanyuka. Lakini kimya hakina mwisho, na mtu hajui aache lini kungoja. Wenzake walikwisha kujiandikisha kwa mtihani wa kuajiriwa benki. Baba yake hakumlaumu. Alimwuliza tu, "Mwanangu, hujachoka?"

Likizo ilipokaribia, profesa mmoja mwanamke, Sabitri Rath, alimjibu kwa maneno machache: aje, posho hakuna, kazi ipo. Lipsa akaenda. Akapanda mpunga katika vikopo vya udongo wa chumvi, akamwagilia, akachungulia. Haukuota. Akabadilisha mbegu, akapunguza chumvi, akaanza upya huku mgongo ukimuuma. Wapi! Likizo ikaisha, vikopo vikiwa udongo mtupu.

Akaingia kwa profesa na begi lake begani, akaomba radhi kwa kumpotezea muda. Mama yule akaviangalia vikopo vilivyokuwa dirishani, akamvutia kiti.

"Kaa, Lipsa. Umeziuliza mbegu, nazo zimekujibu hapana. Sasa liandike hilo jibu, ili mwingine asihangaike kuuliza."

Lipsa akaketi. Akajikuta analia, si kwa huzuni wala kwa furaha, bali kama mtu aliyetuliwa mzigo njiani na safari bado ni ndefu. Kisha akaanza kuandika.

Enyi mnaobishiwa hodi kila siku: ikiwa mbegu iliyokufa chumvini ilimpa binti huyu jibu, ninyi mlio hai kinawashinda nini kujibu?