Gari la Baba Lililopauka

Ndugu zangu katika Bwana, nifuateni mpaka kwenye ua wa nyumba moja kule Same, ambako jua halina huruma na mtu wala kitu.

Waliishi pale mzee na mkewe. Mtoto wao wa kiume alikuwa na kazi Dodoma, na alikuwa mtoto mwema, nataka mlijue hilo kabla sijaendelea. Matumizi alituma, simu alipiga, na likizo ilipofika akaenda kuwaona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu akiwa kitini barazani, akanyoosha mkono. Kijana akaushika, akauachia. Macho yake yalikuwa yameshahamia uani, kwenye gari la baba yake. Lile gari lilimpeleka shule enzi zile. Sasa bampa zake nyeusi zilikuwa zimepauka, rangi ya majivu, na plastiki za juu ya magurudumu zilikuwa na mabaka meupe. Ilimuuma.

Akamfuata mama yake jikoni. "Mama, mbona gari limeachwa juani hivi?"

"Baba yako hajaliendesha tangu masika," mama akasema. "Muulize mwenyewe ni kwa nini."

"Nitamuuliza. Ngoja kwanza nilishughulikie."

Mmelisikia neno hilo? Ngoja kwanza. Ni wangapi kati yetu hatujalisema wiki hii?

Kesho yake asubuhi akaenda mjini, akanunua dawa ya plastiki. Akaosha bampa kwa sabuni na brashi mpaka vumbi lote likatoka, akaziacha zikauke, akabandika karatasi ya gundi pembeni ili dawa isiguse rangi ya gari. Kisha akaanza kupaka kwa kitambaa, kidogo kidogo, akirudia. Weusi ukaanza kurudi.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?" mzee akauliza kutoka barazani.

"Si unaona, baba? Nahangaika na bampa."

Mzee akatega sikio. "Nilikuwa nasikia brashi."

"Hii dawa inarudisha weusi, halafu inakinga jua. Plastiki ikikingwa mapema haipauki."

"Kukinga mapema ni kuzuri," mzee akasema. "Njoo basi tunywe chai, tuongee."

"Nikiacha sasa itakaukia na mabaka, baba. Namalizia."

Chai ikapoa. Jua lilipoanza kuinama, kazi ikaisha. Ndugu zangu, gari lile lilipendeza. Kijana akafuta mikono, akaita kwa furaha, "Baba, njoo uone."

Mzee akainuka. Akashuka ngazi za baraza akishika ukuta. Akatembea polepole, akalipita gari. Akasimama akiwa amelipa mgongo, uso wake umeelekea banda la mbuzi, akatabasamu.

"Limependeza, mwanangu," akasema. "Limependeza sana."

Kijana akamsogelea. Mama yake, aliyekuwa mlangoni, akajifuta macho kwa khanga.

"Baba," kijana akasema hatimaye, "gari liko huku."

Mzee akageuka ilikotoka sauti. "Nisamehe. Sikutaka kukuharibia kazi yako."

"Tangu lini, baba?"

"Giza lilianzia pembeni, likaja taratibu. Nilikuambia kwenye simu kwamba najikwaa. Ukaniambia ni uzee, nipunguze kutembea."

Asubuhi yake akampeleka hospitali kwa gari lile lile. Daktari akayapima macho ya mzee, akasema ni presha ya macho. Angeletwa mapema, kuona kwake kungekingwa. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kijana akarudi mpaka penye gari akiwa amemshika baba yake mkono, na safari hii hakuuachia.

Sasa, ndugu zangu, je, kijana huyu alikuwa mbaya? Hapana. Alimpenda baba yake, na siku nzima alimfanyia kazi. Lakini alilichunguza gari kuliko alivyomchunguza mwenye gari. Na sisi je? Tunawajengea wazazi nyumba, tunapaka ukuta rangi, tunabadilisha bati, kisha tunaondoka bila kuwatazama usoni. Vitu vinapopauka tunaviona tukiwa mbali. Mtu akififia ndani ya nyumba yetu, tunasema ni uzee. Vitu vingi vina dawa ya kuvirudisha. Mtu tuliyemchelewa, tutampaka nini?

Ibada ikiisha, wengi wetu tutapiga simu nyumbani. Tutauliza hali, na mama atajibu, "Hatujambo, ila..." Nawasihi, tusikimbilie kuaga. Wazazi wetu husema "hatujambo" kwa ajili ya kututuliza. Yaliyo moyoni mwao huyaweka baada ya "ila". Tunyamaze hapo, tusikilize mpaka mwisho.