Uliza Goti

"Uliza goti, usiulize jicho," nilimwambia mjukuu wangu Mbonea alipokuwa akihangaika kuinua jiwe kubwa. Tulikuwa tunajenga upya ukuta wa mawe unaozuia udongo wa shamba usiporomoke. Dada yake Nanzia akataka kujua msemo huo umetoka wapi. Nikawaambia waendelee kupanga mawe madogo huku wakisikiliza.

Methali hii ilianza hivi. Huku milimani, zamani, bibi harusi hakuingia kwa mumewe mpaka mjomba wake amshike mkono na kumvusha mlango. Mjomba huyo alipaswa kufika kwa miguu yake. Akibebwa, ilihesabiwa kwamba ni mgonjwa, na kazi hiyo akapewa mwingine.

Senkoro alikuwa mchukuzi hodari, lakini masika yale aliugua akabaki mifupa. Mpwa wake Namkunda, aliyemlea kama mwanawe, alikuwa aolewe kijiji cha juu baada ya mavuno ya maharage. Senkoro alisimama uani, akautazama mlima, akauona ni uleule aliokuwa akiupanda na mkungu wa ndizi kichwani. Alfajiri akaondoka ajipime. Kabla ya nusu ya njia miguu ikamwishia nguvu. Wanawake waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe walimkuta ameketi, wakaita vijana, akateremshwa kwa machela. Habari zikafika juu, wakaanza kutafuta mjomba mwingine. Senkoro akageukia ukutani, akasema huyo mwingine na aende.

Mkewe, Mama Mbazi, hakumbembeleza. Alimpa uji, akamuuliza, "Kesho utafika wapi?"

"Nitajaribu kufika mferejini."

"Sikuuliza utajaribu wapi. Utafika wapi?"

"Mlangoni kwa jirani."

"Una hakika?"

"Mama Mbazi, pale hata kuku wako hufika."

"Basi mwende pamoja."

Akaenda, akarudi. Kila asubuhi mkewe alilipapasa goti la Senkoro kabla hajainuka. Likiwa limevimba, alirudia palepale pa jana. Likiwa limetulia, walichagua mahali pa mbele kidogo, pale tu alipoweza kupataja bila kusema labda. Akaufikia mfereji, kisha mwamba wa kupumzikia. Mama Mbazi akatuma salamu juu kwamba Senkoro atafika. Watu walipomuuliza amejuaje, alijibu kuwa yeye huuliza goti, haulizi jicho.

Senkoro aliondoka siku moja kabla ya harusi, akalala njiani kwa jamaa. Alipofika, mjomba wa badala alikuwa tayari amesimama mlangoni.

"Siku hizi unatembea kama kinyonga," yule akamtania.

"Kinyonga amefika, ndugu yangu. Nipishe."

Akampisha. Senkoro akamshika Namkunda mkono, wakavuka mlango.

Nilipomaliza, ukuta ulikuwa haujafika hata nusu. Nanzia alitaka tuumalize kabla ya giza. Mbonea akajinyoosha, akashika kiuno, akasema kesho wataufikisha kwenye kona ya viazi, na huko watafika. Tukaenda kunawa mikono.

Uliza goti, usiulize jicho.