Makucha ya Sikudhani

Sogeeni, niwape ngano, na mkishaipokea msinirudishie.

Palikuwa na msichana, Sikudhani, binti wa Kitwana mfua vyuma. Kitwana alipompiga mkewe kofi, Sikudhani akitazama, kidole kimoja cha mtoto huyo kiliota ukucha wa zimwi. Alipompiga teke, mkono mzima ukaota makucha. Alipompiga kwa mpini wa nyundo, yakaota kwenye mikono yote miwili. Majirani walisikia vilio, wakafunga milango yao.

Siku moja kisimani, mwenzake Mwanaidi aliyacheka makucha yale. Sikudhani hakujua njia nyingine ya kujibu. Alimrarua uso.

Wazee wakakutana. "Huyu ni zimwi. Afukuzwe!"

Mama yake akalia, "Jamani, mimi nilipopigwa mlikuwa wapi?"

Kitwana mwenyewe ndiye aliyefungua lango la kijiji.

Msituni zimwi kubwa lilimkuta Sikudhani.

"Usiniogope, mwanangu," likasema. "Kwani Kitwana yu hali gani?"

"Unamjua baba?"

"Ni mdogo wangu. Tulikuwa tukimtazama pamoja baba yetu akimpiga mama. Yeye alijua kuficha mikono."

Ngano nimeitua hapo. Awezaye kulala, na alale.