Nguzo Mbili za Kizimwe

Kabla ya maboya na taa, wanangu, vyombo viliingia bandari ya Kizimwe kwa kuitwa. Mlango wake ni mwembamba, mwamba huku na mwamba huku, na maji yake hayaonyeshi kina. Basi palikuwa na mwitaji, jina lake Mbwana, aliyesimama ufukweni na kupaza sauti: "Njooni na sauti yangu." Nahodha aliifuata sauti hiyo mpaka akatia nanga salama.

Siku moja chombo kilikuwa kinaingia, Mbwana anaita, mara watu wakasikia Mbwana mwingine anaita kutoka mwambani. Sauti ileile, na mikwaruzo ileile ya koo. Mbwana akanyamaza kwa mshangao. Ile nyingine haikunyamaza. Chombo kikageuka kuifuata, kikapasuka mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyefika pwani. Mbwana alirudi nyumbani, wala hakutamka tena neno mpaka alipokufa.

Waliwekwa waitaji wengine, na kila mmoja sauti yake iliibwa. Kile kitu cha mwambani hawakukipa jina, kwa kuogopa kisije kikaitika. Vyombo vikaanza kuipita Kizimwe, na vilivyothubutu kuingia vilivunjika. Watoto walikatazwa kutaja majina yao karibu na maji.

Njaa ilipoingia, nahodha mmoja wa mji huo, Shee, alijiandaa kwenda kutafuta nafaka ng'ambo. Mkewe Mwatime akamwambia, "Ukirudi sitakuita. Ukisikia naita, jua si mimi."

"Sasa nitaingiaje?"

"Kwa macho. Mimi nitasimama ufukweni, mama atasimama kilimani nyuma yangu, sote tumepangana mstari mmoja na njia ya kina. Ukituona tumekuwa mtu mmoja, njoo. Tukiachana, hapo si njia."

Bi Mwaka, mama yake Shee, alikuwa ameketi mlangoni akiwasikiliza. "Na kikituita sisi?" akauliza.

Hata hivyo, maji yalipokupwa na miamba ikawa wazi, walitafuta wote watatu mahali pa kusimama, wakapatia alama.

Chombo kilionekana asubuhi moja ya manyunyu. Wanawake wale wakajitanda shuka nyeupe ili waonekane kwa mbali. Waliowaona wakipita walifunga milango, wakidhani wamejivika sanda.

Tanga lilipokaribia mlango, sauti ikaanza. Kwanza ilikuwa ya Mwatime: "Shee, huku, mume wangu. Huku pana kina." Mwatime aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka majini, lakini hakusogea. Chomboni mabaharia walilia, wakimsihi nahodha aifuate. Shee alikaza macho, mkono kwenye usukani, akiona mtu mmoja tu mweupe.

Ndipo sauti ikamwacha Mwatime, ikapanda kilimani. Bi Mwaka aliisikia nyuma yake, karibu kabisa na sikio, nayo ilikuwa ya mwanawe. "Mama, nimezama. Nipe mkono, mama." Ikakohoa maji. Ikalia kama Shee alivyolia alipokuwa akiumwa utotoni. Na macho ya uzee ya Bi Mwaka hayakufika baharini, asijue chombo kilipo.

Aliamini. Alisema mwenyewe baadaye kwamba hakuwa na shaka yoyote, mwanawe amekwisha kufa. Lakini chomboni walikuwemo wana wa wenziwe, na akisogea hatua moja tu, nao watamfuata Shee. Akasimama, machozi yakimtiririka, na sauti ikamlilia mgongoni mpaka ikawa ya mtoto mchanga, kisha ikakatika.

Chombo kiliingia salama, na nafaka yote. Shee akakimbia kilimani.

"Mama, nimefika," akasema.

Bi Mwaka hakugeuka.

"Mama, ni mimi."

Akazidi kujikaza, meno yakimgongana. Ilibidi Shee amshike bega, amgeuze, naye akaupapasa uso ule kwa vidole, paji, pua na midomo, mara nyingi, kabla hajakubali kuketi chini. Na siku zote zilizomsalia, akiitwa na mwanawe, alikuwa akitetemeka kwanza.

Watu wa Kizimwe hawakutaka kumtia mwingine katika hofu ile. Wakajenga nguzo mbili za mawe, moja ufukweni na moja kilimani, wakazipaka chokaa, kwani jiwe haliitwi likageuka.

Na tangu siku hiyo, manahodha wanaokuja kwetu, hata wa meli za chuma, huzitazama nguzo zile mpaka ziwe moja, ndipo huingia. Na ndiyo sababu mtu wa Kizimwe ukimwita akiwa ufukweni haitiki, hata wageni wakadhani ana kiburi. Usimwite. Mwendee, umguse bega.