Kola Pana ya Nguruwe-mwitu

Hadithi, hadithi.
Hadithi njoo.
Ikija bila viatu?
Ipite jikoni.
Ikija na kiburi?
Isubiri uani.
Haya, tulieni. Wewe wa nyuma, kohoa umalize.

Hapo kale, Uingereza ya wafalme, kila mnyama alikuwa na daraja lake. Juu Mfalme, halafu mabwana, halafu wenye mashamba, na chini kabisa akina sie. Daraja lilionekana shingoni. Bwana alivaa kola nyeupe ya mikunjo, imetiwa wanga mpaka imekauka kau! Mnyonge akiivaa, anakamatwa. Msinicheke mimi, wachekeni wao.

Palikuwa na msitu wa mialoni. Baridi ikikaribia, matunda yake magumu huanguka, po, po, po, na wanyonge huyaokota yawe akiba. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Basi Nguruwe-mwitu akapewa ubwana. Akauzungushia msitu ua, akapiga mbiu: "Asiye na kola haokoti humu." Akaingia peke yake, pua chini, kwacha, kwacha, kwacha.

Bi Panya alikuwa mjane, dobi wa mabwana. Akawatazama wanawe sita, akaogopa kwelikweli. Bila matunda yale, wangekufa njaa kabla baridi haijaisha. Akabeba kapu la nguo, akaenda.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Kola yangu tayari?"

"Tayari, ila naona haya kukupa. Yako ina upana wa shubiri moja. Ya jirani yako Fahali ni shubiri mbili."

Nguruwe akaacha kutafuna. "Fahali yupi? Yule ambaye baba yake alivuta jembe?"

"Huyohuyo."

"Nishonee ya shubiri tatu."

Bi Panya akashona, akatia wanga, akapiga pasi. Kesho yake akaileta. "Imekupendeza, bwana. Ila Fahali kaagiza ya shubiri nne."

"Nishonee ya shubiri tano."

Akashona, akatia wanga, akapiga pasi. Ikawa kubwa kama gurudumu la mkokoteni. Nguruwe akaivaa, akainama ale. Kola ikagota ardhini, gu! Kichwa hakishuki.

"Bi Panya, sioni chini."

"Bwana mkubwa atazame chini kuna nini? Chini tuko sisi."

"Kweli," akasema Nguruwe, akajinyoosha.

Na kweli walikuwa chini. Bi Panya na wanawe, Kindi na watu wake, wote wamejaa kivulini mwa kola, wanaokota katikati ya miguu ya bwana.

"Nani anachakarisha majani?"

"Upepo, bwana."

Siku ya tatu tumbo la Nguruwe likanguruma. "Nifungulie hii kola nile."

"Nitakufungulia. Ila asiye na kola haokoti humu. Mbiu ni yako, bwana."

Nguruwe akajaribu tena kuinama, gu! Njaa ilimuuma mpaka machozi yakamlenga.

"Fahali ananiona?"

"Yuko pale kwenye ua, anakuangalia."

"Basi iache. Ninyooshee hapo nyuma, imepinda."

Baridi ikaja. Watoto wa Bi Panya walikula wakashiba, wote sita. Nguruwe alikonda, lakini alikonda kibwana.

Funzo lake, wanangu: waheshimuni wakubwa, msiwadanganye, na kila mtu atosheke na daraja lake. Mkiwa chini, kaeni hukohuko chini. Vitu huangukia huko.

Yangu yamekwisha. Iliyowakolea ondokeni nayo. Isiyokolea niachieni, nitaitia chumvi.