Zeze Alilopewa na Zimwi

"Nirudishie wimbo wangu, Mbaruku."

"Wimbo si sufuria, mke wangu. Nitaurudishaje?"

Basi sikilizeni. Mbaruku alikuwa mpiga zeze na mkusanyaji wa nyimbo. Zimwi lilimpa zeze kwa sharti moja: kabla ya kupiga, amtaje aliyemfundisha wimbo; asipomtaja, aliyemfundisha atausahau. Wimbo wa kupalilia alisema ni wake, wapaliliaji wakausahau. Wa kutwanga alisema ni wake, watwangaji wakausahau. Wa kubembelezea mtoto alifundishwa na mkewe, Sikudhani, akaona haya kumtaja.

Sasa mtoto alikuwa akilia. Mbaruku alimwimbia mkewe mara tatu, na mara tatu wimbo ukamtoka Sikudhani kichwani. Akalivunja zeze kwa majuto, lakini wimbo haukurudi.

Sikudhani akambeba mtoto, akageuka mlangoni.

"Naenda kwa mama. Huenda yeye bado anaukumbuka. Wewe usije, Mbaruku, usije ukausikia."