Mbuzi Aliyerudishwa Kwenye Lori

Wapendwa, hebu acheni kujipepea kidogo mnisikilize. Jijini palikuwa na kijana mmoja, kazi yake kununua na kuuza hisa. Tangu asubuhi macho kwenye skrini: bei ikipanda anauza, ikianza kushuka anakimbia. Na alikuwa hodari, msimwonee wivu! Kanuni yake ilikuwa moja tu, jua lisizame akidai wala akidaiwa. Wenzake ofisini waliishi vivyo hivyo. Wakienda kula mchana pamoja, kila mtu alilipia sahani yake, kasoro chumvi.

Siku ikafika ya kupeleka mahari ukweni. Akakodi lori, akaleta kila kilichotajwa: ng'ombe, mbuzi, mablanketi, na sufuria kubwa ya mama mkwe. Hakupunguza hata kijiko. Akasimama kifua mbele, akasema, "Wazee wangu, nimemaliza. Naomba mnitilie sahihi hapa, tufunge biashara."

Binti wa watu akainamisha kichwa kwa aibu. Kijana akawatazama wazee, akaona nyuso zimekunjamana. Amekosa nini? Ninyi mngemwambia amekosa nini? Maskini, aliogopa kumkosa mchumba hivi hivi, na ng'ombe wote wamo uani!

Baba mkwe akainuka, akamshika mbuzi mmoja pembe, akamburuta mpaka kwenye lori.

"Huyu rudi naye."

"Ana ugonjwa, baba?"

"Mzima kabisa. Lakini ukimaliza yote leo, mwanangu, kesho utakuja kwetu kufuata nini? Mbuzi huyu tutakudai."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tufe. Na kila utakapokuja kueleza kwa nini hujamleta, utakula ndipo uondoke."

Wazee wakaangua kicheko, kina mama wakapiga vigelegele, na harusi ikafungwa. Kijana alicheka nao, ila deni lile lilimwasha kama upupu.

Miaka ikapita. Siku moja soko likaporomoka, ofisi ikafungwa, akarudi nyumbani na vitu vyake ndani ya boksi. Akaketi kungoja simu za wenzake. Kimya. Na wangempigia kwa lipi? Hawakumdai, hakuwadai. Walikuwa wamemalizana.

Jioni simu ikalia, akaidaka.

"Mkwe," ikasema sauti ya mzee, "mbuzi wetu yuko wapi?"

"Baba, sina kazi. Sina hata kuku."

"Nimesikia. Ndiyo maana nakudai leo. Mchukue binti yangu, mje mnieleze vizuri. Mama yenu ameshaibandika ile sufuria yako."

Kijana akalia, kisha akacheka, kisha akaanza kutafuta viatu.

Sasa sisi je? Si ndio sisi tunaokuja hapa Jumapili, tukaimba, tukatoa sadaka, kisha tukajipangusa mikono: "Bwana, tumemalizana, tuonane wiki ijayo"? Tunamshushia Mungu lori zima, tunataka sahihi! Kumbe mbuzi mmoja amemrudisha makusudi. Basi ndugu yangu, moyo ukikusuta kwamba fulani hujamsamehe, na jirani yako mgonjwa hujamjulia hali, usinune ukadhani unafukuzwa. Ni Baba anamuulizia mbuzi wake, na sufuria iko motoni. Pokea simu.